Kidete Pakikatika, Ikungi Wanangoja

Ikungi mvua huombwa, haiogopwi. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka. Mawingu huanza kujikusanya Novemba, mashamba hupandwa, na Aprili ikiisha mbingu imefunga mpaka mwaka mwingine. Katika miezi hiyo michache mtama lazima uzae, uwele uzae, alizeti ikomae, na malambo yajae maji ya ng'ombe. Mnyaturu, mwenyeji wa nchi hii, akisema mwaka ulikuwa mbaya, anasema habari za mvua iliyokosekana. Lakini katika wilaya hiyo hiyo kuna kitu ambacho mwaka wake mbaya ni ule ule mkulima anaouita mwema, nacho ni reli.

Tawi la reli litokalo Manyoni kwenda Singida lina urefu wa kilomita 115, na hupita ndani ya wilaya ya Ikungi kabla ya kuingia Singida mjini. Ukiiangalia nchi hiyo mwezi Septemba huwezi kuona lipi lingeidhuru njia ya chuma. Ni uwanda wa juu, wenye majabali yaliyopandana na vichaka vya miiba, na mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha huvimba na kuwa kama unga uliotiwa maji. Tuta lililowekwa juu yake halitulii. Huinuka upande mmoja, huzama upande mwingine, na reli iliyokuwa imenyooka huanza kuyumba.

Halafu kuna makorongo. Korongo la Singida ni kavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Watoto huchimba humo visima vya mchanga, ng'ombe hulifanya njia yao. Mvua ikipiga milimani alasiri moja, jioni korongo lile lile linakuja limejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na vichaka vizima. Kesho yake asubuhi mchanga umekwisha kunywa yote. Mhandisi aliyepima njia wakati wa kiangazi aliona mchanga tu, akaweka kalavati la kupitisha kijito. Nadhani sehemu kubwa ya historia ya reli katikati ya Tanzania imo ndani ya kosa hilo: kupima njia ya maji siku ambayo maji hayapo.

Reli yenyewe ilianza mbali na Ikungi. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule wa vita vya Maji Maji. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Ni zaidi ya kilomita 1,250 kutoka bahari hadi ziwa, kwa upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyoshika ujenzi, lakini udongo ulichimbwa kwa majembe na kubebwa kwa mikono ya Waafrika, maelfu yao, wengi wakiwa Wanyamwezi.

Kati ya Kilosa na uwanda wa Dodoma wajenzi hao walikutana na milima, na wakafanya uamuzi ambao nchi inaulipia hadi leo. Waliingia katika bonde la mto. Mto huo juu, upande wa Mpwapwa, huitwa Kinyasungwe, na ukishuka kuelekea Kilosa huitwa Mkondoa, kabla ya kuungana na Wami na kwenda baharini. Ndiyo njia iliyokuwa imetumiwa na misafara ya pembe za ndovu, na mtu wa msafara alijua kuisubiri. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilikuta bonde la Makata, mashariki ya Kilosa, limekuwa bahari ya tope, akalivuka kwa taabu kubwa. Msafara ungeweza kukaa wiki mbili juu ya kilima mpaka maji yapungue. Treni ina ratiba. Wajerumani wakalaza reli kando ya mto, mahali pengine hatua chache tu kutoka ukingoni, wakaupa mto upande mmoja na mlima upande mwingine. Stesheni za sehemu hiyo ni Kilosa, Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode na Gulwe, kiasi cha kilomita 80. Yeyote aliyefanya kazi reli ya kati huyataja majina hayo kama mtu anavyotaja viungo vya mwili vinavyomuuma.

Baada ya Dodoma reli hushuka kwenye Bonde la Ufa, ikapita Bahi na Kintinku pembeni ya mbuga kubwa ambayo mvua nyingi huigeuza ziwa, halafu Makutupora na Saranda. Hapo hupanda ukuta wa bonde kwa kuzungukazunguka mpaka Manyoni. Mtu wa Ikungi anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa treni ya reli hiyo lazima ashuke ukuta huo, avuke mbuga ya Bahi, apite Dodoma, kisha aingie korongo la Kinyasungwe. Akitaka mbolea, saruji au mafuta yaliyokuja kwa reli, navyo vimepita huko huko. Mvua inaweza kuwa imenyesha mamia ya kilomita mashariki ya Ikungi, na Ikungi kwenyewe jua linawaka, lakini tuta la Kidete likimeguka, shehena ya Singida imekwama.

Hata tawi la Singida lenyewe lina historia ya kuja na kuondoka. Waingereza walilijenga mara ya kwanza katika miaka ya 1930, kutoka Manyoni kupitia Singida mpaka Kinyangiri, katika nchi ya Iramba. Mzigo ulikuwa mdogo. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeshusha bei za mazao yote, na tawi likawa gharama. Katika miaka ya 1940 liling'olewa, vyuma vyake vikapelekwa kutumika kwingine. Naona neno kung'oa ni sahihi kabisa hapa, kwa sababu wazee waliliona likiondoka kama jino. Tuta likabaki, likaota nyasi, na makorongo yakalitoboa yalipotaka. Baada ya uhuru, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, serikali ililaza reli upya, safari hii ikiishia Singida mjini. Ng'ombe na nafaka vikapata tena mlango wa kutokea.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, ni lazima nieleze maji huuaje reli, kwa sababu mtu anayeiona treni kwa mbali hudhani ni chuma kizito kinachoshindana na maji mepesi. Reli hukaa juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, kokoto juu ya tuta la udongo. Kazi ya kokoto ni kushika mataruma yasitembee na kupitisha maji yasituame. Maji yakipanda juu ya tuta, huondoka na kokoto kwanza, kisha hukwangua udongo upande yanakoporomokea. Yakituama upande mmoja kwa siku nyingi, tuta hulowa hadi ndani na kuporomoka lenyewe siku jua limekwisha toka, wakati kila mtu anadhani hatari imepita. Darajani huchimba chini ya nguzo, mahali jicho halifiki, na nguzo husimama imara mpaka uzito wa treni uifikie. Kiangazi nacho kina namna yake. Joto la Oktoba hurefusha chuma, na kama kokoto za pembeni zimepungua, reli mbili husukumana na kujipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Kokoto zilizochukuliwa na mafuriko ya Februari zisiporudishwa, huja kudaiwa na jua la Oktoba.

Baya kuliko yote ni reli inayoning'inia. Tuta limekwenda na maji, lakini vyuma viwili bado vimeungana kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, vimeshika mataruma yake kama ngazi iliyolazwa hewani. Kwa macho ya dereva, usiku, kwenye mwanga wa taa ya kichwa cha treni, njia ni nzima. Treni ya mizigo yenye mabehewa yaliyojaa haisimami kwa mita mia moja wala mia mbili. Akiligundua shimo amekwisha kuwa juu yake.

Kinga ya zamani dhidi ya hilo ilikuwa mtu. Kila sehemu ya njia ilikuwa na gengi lake, watu wachache chini ya nyapara, wanaokaa katika nyumba ndogo kando ya reli. Kazi yao ya kila siku haikuwa na fahari: kukata nyasi, kukaza vyuma, kurudishia kokoto, kuzibua makalavati. Wakati wa mvua mmoja wao alitembea kwa miguu kukagua njia kabla ya treni kupita, au kiberenge kilitangulia. Mkaguzi akikuta tuta limeliwa, humrudia stesheni masta, na stesheni masta huizuia treni isitoke. Mtu huyo alilijua kila korongo kwa tabia yake: hili huja kwa kelele, lile huja kimya usiku, lile jingine halijawahi kuja tangu babu yake lakini alama ya maji ipo juu kwenye mti. Hakuna ramani ya Wajerumani wala ya Waingereza iliyokuwa na habari hizo.

Kati ya vita mbili kuu, watu wa kilimo nao walikuwa wakiangalia mvua ile ile kutoka upande mwingine. Mpwapwa, juu kidogo ya Gulwe, palifanyika katika miaka ya 1930 baadhi ya majaribio ya mwanzo kabisa barani Afrika ya kupima ni udongo kiasi gani unaondoka na mvua kwenye ardhi iliyo tupu, iliyolimwa na yenye nyasi. Walichokipima ndicho ambacho kila mkulima hukiona. Ardhi yenye majani hunywa maji, ardhi tupu huyatema na kuyapa udongo wake yaubebe. Nchi ya Wagogo na ya Kondoa ilikuwa imekwisha chakaa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi za Kondoa. Kwa mfugaji lilikuwa pigo kubwa. Nalitaja kwa sababu watu wa reli na watu wa ardhi walifanya kazi kwa miongo kama vile shida zao ni mbili, kumbe mchanga ulioondoka shambani ndio ulioshuka Kinyasungwe. Vijito vya pembeni kama Maswala, Mangweta na Mzase vilimwaga mchanga mtoni, kitanda cha mto kikapanda, na daraja lililojengwa na nafasi ya kutosha chini yake likabaki na upenyo. Daraja halikushuka. Mto ndio uliopanda.

Ndipo ikaja El Niño. Mvua za Oktoba 1997 hazikukoma zilipotakiwa kukoma, zikaunganisha vuli na masika. Mwanzoni mwa 1998 njia ilikatika kati ya Kilosa na Dodoma, na nchi ikagundua ni mambo mangapi yanayotegemea bonde moja. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa na shehena, Kigoma na nchi za Maziwa Makuu zilikuwa zikiisubiri, na katikati palikuwa na tope. Singida hakukuwa na njaa ya mvua mwaka huo. Alizeti ilistawi, na mzigo ukakosa treni.

Yaliyotokea kwa majirani yalikuwa mabaya zaidi, na kila anayeandika juu ya usalama wa reli Afrika Mashariki lazima apite hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei. Mto uliokuwa umefura ulikuwa umelidhoofisha daraja. Kichwa cha treni na mabehewa vilitumbukia majini gizani, na zaidi ya watu 100 wakafa, wengine wakichukuliwa na mkondo mbali na pale. Kwa Kikamba jina la mto huo ni ombi: Mungu nisaidie. Lilikuwapo kabla ya reli na kabla ya ajali, na kwangu lina maana kwamba waliouita hivyo waliujua mto wao.

Tanzania ilikuwa na msiba wake mkubwa kuliko huo, lakini haukuletwa na maji. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa kushikwa na breki kwenye mwinuko wa Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Baada ya hapo taifa zima lilijua jina la Igandu, na mazungumzo ya usalama yakawa ya breki, na ndivyo ilivyostahili. Ila nadhani tuta na kalavati vilisahaulika kidogo katika kelele hiyo. Breki mbovu ina mtu wa kuulizwa. Korongo lililozibwa na matawi halina.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubadilisha majina na wenye mali. Shirika la Reli Tanzania, lililoundwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, lilikuwa limepunguza wafanyakazi wake. Oktoba 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 za hisa na serikali 49. Njia yenyewe ilibaki mikononi mwa kampuni nyingine ya serikali, RAHCO. Treni zikawa za huyu, reli za yule. Sitaki kusema mgawanyo huo ndio ulioleta mafuriko, maana mvua haisomi mikataba. Nasema tu kwamba kalavati ni kitu kidogo sana, na kitu kidogo kikiwa kati ya nyumba mbili, ni rahisi kila nyumba kuamini kwamba ufagio uko kwa jirani.

Mwisho wa Desemba 2009 mvua ilinyesha juu ya vilima vya Mpwapwa na Kilosa kwa siku mfululizo. Kulikuwa na bwawa pale Kidete, lililokuwa likiushika mto kabla haujaingia kwenye sehemu nyembamba, na kuvunjika kwake kukatajwa baadaye kuwa moja ya sababu za ukubwa wa yaliyofuata. Mkondoa uliporomoka bondeni, ukabomoa kingo zilizojengwa kuulinda mji wa Kilosa, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Katika korongo la juu reli iliondoka vipande kwa vipande. Kuna mahali vyuma vilikutwa vimesokotwa na kutupwa mtoni pamoja na mataruma yake, na mahali pengine mto ulihama kabisa ukachukua nafasi ya tuta, na reli ikawa haina pa kurudishiwa. Njia ilifungwa kwa miezi. Jeshi likaitwa kusaidia. Treni za abiria za kwenda Kigoma zilianzia Dodoma, na msafiri wa Dar es Salaam alipanda basi kwanza, akabeba magunia yake mara mbili na kulipa mara mbili.

Ikungi na Singida, waliozoea kusafiri na kusafirisha kwa lami, walilipokea hilo kimya. Lori lilikuwapo. Hiyo ndiyo hasara ya reli isiyoaminika: mteja hagombani, anaondoka. Mfanyabiashara wa alizeti aliyesubiri behewa mara tatu hangoji mara ya nne, na behewa linalokosa mzigo hufanya tawi lionekane halina maana, na tawi lisilo na maana hukosa gengi, na tuta lisilo na gengi hulimwa na korongo. Mwaka 2011 serikali ilirudisha hisa zote za TRL mikononi mwake. Mwaka 2017 sheria mpya ikaunganisha tena njia na treni chini ya Shirika la Reli Tanzania.

Wahandisi kutoka Japani, kupitia shirika lao la JICA, walikuja kulichunguza bonde la Kilosa hadi Gulwe katikati ya miaka ya 2010. Wakati huo huo mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliendelea kuondoa reli nyepesi za zamani kati ya Dar es Salaam na Isaka, kilomita 970, na kuweka nzito zaidi. Reli nzito ni jambo jema. Haipindi upesi, inabeba mzigo mkubwa. Lakini mwanzoni mwa 2020, baada ya Bahari ya Hindi upande wetu kupata joto lisilo la kawaida na kuleta mvua nyingi kuliko desturi, bonde lile lile lilikatika tena kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimamishwa. Chuma kiwe chepesi, kiwe kizito, kikikosa ardhi chini yake ni ngazi iliyolazwa hewani.

Mwaka huo huo wa 2020, tarehe 12 Agosti, treni ilitoka relini Carmont, Scotland, baada ya mvua kubwa kuleta mawe njiani. Watu 3 walikufa, dereva mmojawapo. Wachunguzi walikuta kwamba mfereji wa kupitisha maji kando ya njia haukuwa umejengwa kama ulivyochorwa. Nchi iliyoanza kuendesha treni za abiria karibu miaka 200 iliyopita nayo ilishindwa na mfereji. Simtaji Mskochi ili kujifariji. Namtaja kwa sababu mara nyingi tunaambiwa tatizo letu ni umaskini, na umaskini upo, lakini mfereji ule haukukosa fedha. Ulikosa mtu wa kuukagua.

Na kuna jambo ambalo wakazi wa kando ya reli wamelijua siku nyingi, nchi jirani ikalijua kwa machozi. Tuta la reli ni ukuta. Limekatiza nchi, na maji yote yaliyokuwa yakishuka kwa upana sasa hulazimishwa kupita kwenye tundu moja. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyobomoka kutoka mlimani yaliua makumi ya watu wakiwa usingizini. Kwanza ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba halikuwa bwawa: ni mtaro uliopita chini ya tuta la reli, ulizibwa na takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Kalavati lililozibwa lilikuwa limejenga bwawa bila mtu kujua.

Nchini kwetu mambo yamekwenda kwa kasi upande mwingine. Reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Wajenzi wake hawakukubali kutembea ukingoni mwa mto kama Wajerumani. Kwenye milima ya Kilosa wamechimba mahandaki na kuinua njia juu ya madaraja marefu. Kipande cha pili kinaishia Makutupora, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na cha tatu kinatoka hapo kupanda Manyoni na Itigi kuelekea Tabora. Kwa mara ya kwanza kuna njia ya chuma kati ya pwani na mkoa wa Singida isiyomtegemea Kinyasungwe awe na huruma.

Hata hivyo ile ya zamani haijastaafu. Ndiyo yenye tawi la Singida, na mzigo wa upana wa mita moja hauwezi kuruka juu ya reli ya upana mwingine bila kupakuliwa. Kwa hiyo katika sehemu ya Kilosa, Gulwe na Igandu kazi ya kuiimarisha njia dhidi ya mafuriko imepangwa upya, na safari hii haikuanzia kwenye reli. Imeanzia kwenye maji: kulijenga tena bwawa la Kidete, na kujenga mengine juu zaidi, upande wa Mpwapwa, ili mafuriko yashikwe na kuachiwa kidogo kidogo. Katika miaka mia na ushei, hilo kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko mahandaki yote. Kwa muda mrefu reli ilirudishwa pale pale ilipong'olewa, mara baada ya mara, kwa kokoto mpya juu ya mto ule ule.

Tawi la Ikungi halina mto wa kufananishwa na Mkondoa. Lina makorongo yasiyo na jina katika ramani yoyote, yanayoamka siku chache kwa mwaka. Lina malambo ya mifugo yaliyochimbwa upande wa juu wa tuta, na mafuriko yakiyavunja, yote yataelekea kwenye kalavati moja. Lina mashamba yaliyosogea hadi kwenye miguu ya tuta, kwa sababu udongo wa pale ni laini na hukaa na unyevu siku nyingi, na jembe la mkulima hulegeza kile ambacho korongo litakichukua Februari. Mkulima huyo hana ubaya na reli. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba mstari wa alizeti alioupanda unaweza kuidhuru treni.

Mwezi Oktoba ndio wa kuyazibua makalavati, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika. Inatosha koleo, panga la kukatia vichaka, na watu wanne au watano waliokwisha kuulizwa na mtu wa reli: korongo hili maji yake ya mwisho yalifika wapi? Watakuonyesha. Watanyoosha mkono kwenye mti, juu ya kichwa chako.